Redio Zilizomaliza Sabato Mapema

Wasichana, kabla hamjanijia tena hapa nyumbani na vyeti vyenu vya form four kwenye bahasha ya khaki, mkiuliza kama lile duka la redio kule Kisii mjini bado linataka mtu wa kaunta, someni hii kwanza. Mnaniita mstaafu halafu mnacheka. Chekeni. Nimestaafu nikiwa bado nanyonyesha, na hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala kunisomea hotuba. Nilitoka kwa aibu. Aibu yenyewe bado ninayo, na kwa sababu haiishi inanikasirisha, kwa hivyo mkiona maneno makali mjue si nyinyi ninaowagombeza. Mahali pengine ni nyinyi.

Kazi ilikuwa kuuza redio ndogo za mkononi, zile za kuingia mfuko wa koti. Na swali la kazi hiyo lilikuwa moja tu, tulilizungumza kila siku tukinywa chai ya saa nne: mteja anajali kilicho ndani ya redio yake, au hajali? Sisi wa kaunta tulikuwa na jibu tayari. Hajali. Tulilisema tukicheka. Jibu hilo ndilo lililomfanya mama mkwe wangu asimamishwe mbele ya kamati ya kanisa kama mwizi wa kuku, kutetea ushemasi wake, na mimi nikiwa shahidi. Hayo nitayafikia. Kwanza niwaambie kazi ilivyokuwa, msije mkadhani nilikuwa mjinga tangu asubuhi.

Aliyenifundisha ni Mama Hansa, mwenye duka pamoja na mumewe. Mhindi, lakini alizaliwa Kisii hii hii, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi wa Keumbu. Akina mama wa soko la Daraja Mbili walikuwa wakimtania, "Wewe ulitolewa ng'ombe wangapi?" Naye anajibu bila kuinua macho kwenye hesabu yake, "Wote walikuja wakiwa wamekonda, nikawarudisha."

Siku ya kwanza aliniambia, "Kerubo, usimuulize mteja anataka redio gani. Hajui. Mpe mkononi, halafu nyamaza."

Ni kweli kabisa. Mtu akishika redio, atafanya hivi: ataipima uzito kwa kuinua kiganja, ataigonga mgongoni kwa kidole, atatafuta taa nyekundu. Ikiwa nzito, ni nzuri. Ikiwa nyepesi, anasema ni ya plastiki, hata kama zote mbili ni za plastiki. Antena vuta wewe mwenyewe, kwa sababu mteja akiivuta ataivunja halafu aseme aliikuta hivyo. Sauti anzia chini, upandishe polepole, na uso wako uonyeshe kama hata wewe unashangaa. Betri mpya usizitoe kwenye karatasi mbele yake mpaka ameshasema bei ni ghali. Hayo ni ya bure, nimewapa.

Wakati mmoja nilifungua redio iliyorudishwa na mteja. Ilikuwa nzito kweli, wazee waliipenda. Ndani nikakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi pembeni, hakina waya, hakina kazi. Nilikimbia nacho hadi kaunta.

"Mama Hansa, angalia! Wametia chuma cha bure!"

"Si cha bure," akasema. "Hicho ndicho kilichouza redio."

Na mimi, kwa kuwa nilipata C nzuri ya fizikia, nilidhani nitaleta mwangaza. Akaja mwalimu mmoja wa kule kwetu Keumbu, miwani na kalamu tatu mfukoni. Nikaona huyu ni msomi mwenzangu. Nikamfungulia redio kwa bisibisi, nikamwonyesha koili, nikamwonyesha spika, nikamwonyesha lile tone jeusi. Alisikiliza kwa heshima zote. Alinishukuru. Akavuka barabara akanunua nyingine kwa jirani kwa sababu ilikuwa na rangi nyekundu.

Mama Hansa akaniambia, "Umemfundisha vizuri. Mtihani ameenda kuufanyia pale."

Tone jeusi ndilo niwaeleze, kwa sababu bila hilo hamtaelewa aibu yangu. Redio za zamani ulizifungua ukaona kila kitu, na fundi wetu wa chumba cha nyuma alizirekebisha kwa risasi ya kuchomelea na pumzi. Halafu miaka hii ya tisini zikaanza kuja hizi mpya zenye kioo cha namba. Zilionyesha saa. Zilikumbuka stesheni. Zilionyesha hata siku kwa herufi tatu za Kiingereza: FRI ni Ijumaa, SAT ni Jumamosi, SUN ni Jumapili. Ukizifungua hukuti chochote, ila tone jeusi katikati ya ubao, kama lami iliyodondoka barabarani. Akili yote imo humo. Fundi wetu aliliangalia akatikisa kichwa. "Hii si redio. Hii ni mtu amejifunika blanketi. Utamuuliza nini?"

Zikauzwa kama maandazi, na shida ikawa ni saa.

Mnajua sisi tunavyohesabu. Jua likichomoza ikapita saa nzima, hiyo ni saa moja. Redio inasema saba. Mzee anatoka Nyamira amevaa koti lake la siku kubwa, ananunua redio, ananiambia, "Binti, niwekee saa." Namwekea. Anaangalia. "Sasa ni saa ngapi?" Namwambia saa nne. "Mbona hii inasema kumi?" Namweleza hiyo ni ya kizungu, atoe sita. Ananiangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe halafu akaambiwa atoe miguu miwili. "Nitoe sita kila nikiangalia? Wewe huwezi kuitoa mara moja?"

Nilifikiri. Nikasema naweza. Nikabonyeza mpaka ikasema nne.

Mzee alifurahi mpaka akanishika mkono. Tangu siku hiyo nikawa nauliza kila mteja, "Niweke ya kizungu au ya nyumbani?" Wote, ya nyumbani. Wakaanza kuniulizia kwa jina. "Yuko wapi yule msichana anayejua saa yetu?" Mama Hansa alinyanyua mabega. Duka lilijaa, alinyamaza.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Ombati. Huyu ni mzee wa kanisa la Wasabato kule upande wa Birongo, ambako mume wangu alizaliwa. Wakati huo sikuwa nimeolewa, sikumjua hata kidogo. Alikuwa amenunua redio kwetu, nimemwekea ya nyumbani, akairudisha baada ya wiki moja. Hakuja kwa hasira. Alikuja kwa huzuni.

"Binti, hii inakosea siku."

"Inakoseaje, Baba?"

"Jua la Ijumaa likishatua, kwetu hiyo ni Sabato. Siku imegeuka. Hii yako inakaa usiku wote inasema Ijumaa. Inageuka asubuhi, mimi nimeshalala ndani ya Sabato muda wote huo na yenyewe inanibishia."

Wasichana, nilisisimka. Kwa mara ya kwanza mteja alikuwa ananiuliza cha ndani! Nikakaa na ile redio chakula cha mchana chote. Nikagundua hivi. Lile tone linageuza siku mara moja tu, pale ambapo hesabu yake inafika kumi na mbili ya usiku ya kizungu. Ukiiweka kizungu, inageuka usiku wa manane, hakuna anayeona. Ukiiweka ya nyumbani, inageuka jua likichomoza au jioni, kutegemea umeiambia asubuhi ni asubuhi au umeidanganya kwamba asubuhi ni alasiri. Kuna herufi ndogo pembeni, A ya kabla ya adhuhuri au P ya baada yake. Unaibadilisha kwa ukucha. Nikaibadilisha. Jioni, saa kumi na mbili kamili, FRI ikaanguka, SAT ikasimama.

Mzee Ombati alikuja kuichukua. Aliitia mfukoni, akauweka mkono wake juu ya mfuko. "Mungu akubariki. Hata wewe hujui umefanya nini."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko alivyofikiri.

Kwa sababu jua la huku kwetu halitui saa kumi na mbili kamili. Nendeni nje mkaangalie. Linakawia. Inafika kumi na mbili na nusu, inapita, bado limekaa juu ya vilima. Shuleni wanatufundisha kumi na mbili, na sisi tunaandika kumi na mbili. Na kwa vile huku mvua inanyesha karibu kila alasiri, mara nyingi jioni inakuwa kijivu tu, jua hulioni kabisa, ni la kusikia tu. Mimi nilijua. Nililiona kila siku nikitembea kwenda nyumbani, lile jua limenichoma macho na saa imeshapita kumi na mbili. Sikuliunganisha na redio. Na hata ningeliunganisha, nadhani ningesema lile tulilokuwa tunasema: watajali?

Habari ikaenea Birongo na Nyamira. Redio ya Sabato. Nilitengeneza nyingi, sikuzihesabu.

Halafu nikaolewa. Onchari alikuwa anafanya kazi Kericho, kwenye majani chai, kwa hivyo mimi nilikaa na mama yake Birongo, na asubuhi naenda dukani mjini. Mimi Mkatoliki, mama mkwe shemasi wa Sabato. Mnaelewa. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa tu akinipigia pasi kila kitu upya. Mama alikuwa mtunza vitambaa vya meza ya Bwana, vile vyeupe. Ijumaa asubuhi anavitia wanga, anavipiga pasi ya makaa, hakuna mkono mwingine unaogusa. Alifiwa na mumewe akiwa kijana, akalea watoto kwa ndizi na chai, na katika maisha hayo yote kitu kilichokuwa chake peke yake, kisicho cha watoto wala cha shamba, ni vile vitambaa. Ushemasi. Watu walimwita Mama Shemasi hata sokoni, hata wasiosali.

Nilitaka anipende, nasema wazi. Nyaboke wangu alipozaliwa na Mama akamlea vizuri mimi nikiwa kazini, nilimletea redio. Nikamwekea ya Sabato.

"Hii inajua Sabato?" akaniuliza, akiishika kwa vidole viwili.

"Inajua, Mama. Hata Mzee Ombati anayo."

Basi, ikiwa Mzee Ombati anayo, akaifunga kwenye leso akaivaa shingoni.

Sasa kuna jambo la pikapu. Kila Jumamosi saa moja jioni ilipita pikapu ya mnunuzi ikikusanya ndizi za kupelekwa Daraja Mbili. Mama hakuwahi kuipata. Alingoja mpaka jua litue kabisa, na akishika panga, akikata, akibeba mpaka barabarani, pikapu imeenda. Alikuwa anawauzia madalali waliokuja nyumbani kumdharau. Redio ilipokuja, Sabato ikawa inaisha kumi na mbili kamili. Ghafla tukawa tunaiwahi pikapu. Mama akawa anaimba akirudi. Nilijiona mkaza mwana bora katika Kisii na Nyamira zote mbili.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu saa tisa. Ilipokatika kulikuwa kijivu kila upande. Mama aliifungua leso. SUN. Akachukua panga, mimi nikamfunga Nyaboke mgongoni, tukaingia migombani. Alikuwa ameshaangusha mikungu miwili, yuko kwenye wa tatu, panga juu, wakati mawingu ya magharibi yalipofunguka. Jua likasimama juu ya kilima. Zima. Limejaa. Liliangaza kila jani lenye maji, na Mama katikati, amevaa bado gauni lake la kanisani, panga linang'aa.

Na barabarani vijana wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezi.

Walisimama. Msichana mmoja, mdogo kuliko hata nyinyi, akaita kwa sauti ya kuimba, "Yaye, Mama Shemasi! Leo Sabato ya nani hiyo?" Wengine wakazuia vicheko kwa mikono, lakini walivizuia vibaya.

Mama alishusha panga. Alinigeukia taratibu.

"Kerubo. Hii inasema Jumapili?"

"Inasema Jumapili, Mama."

Akanyoosha kidole kwenye kilima. "Na lile linasema nini?"

Aliingia ndani akaacha ndizi pale pale chini, na pikapu ikapita ikipiga honi, tukaisikia mpaka ikaisha.

Kamati iliitwa Jumamosi iliyofuata, jioni, baada ya Sabato, kwa sababu mambo ya kiofisi hayafanywi ndani ya Sabato. Mimi niliitwa nieleze mashine. Nilikaa benchi la nyuma na mtoto. Mama alikaa mbele, peke yake, mikono magotini, na vitambaa vyake vyeupe vilikuwa vimeletwa vikawekwa mezani vimekunjwa, ili ijulikane kinachozungumzwa ni nini. Nje mvua ilikuwa inamalizia, madirisha yamefungwa. Mzee Ombati alichungulia ndani ya koti lake, akasema, "Sabato imekwisha kwa amani. Tufungue kikao."

Wakamsomea Mama kosa. Halafu wakaniita.

"Huyu ndiye aliitengeneza," mmoja akasema.

"Wewe ni wa kanisa gani?"

"Katoliki."

Kukawa na mguno. Mwingine akasema chini chini, lakini kanisa dogo husikia kila kitu, "Kumbe siku hizi Sabato inapangwa na Wakatoliki." Wakacheka. Hata wale wazee waliokuwa na redio nilizowawekea kwa ukucha wangu mwenyewe, nikiwaona nyuso zao, wakacheka.

Nikaeleza. Nikasema redio haijui jua, inajua kuhesabu tu, na inaanza kuhesabu pale mtu alipobonyeza. Mzee Ombati alinisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akauliza, na nadhani hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anatafuta kumaliza, "Kwa hiyo Sabato ya huyu mama ilikuwa kwenye kidole chako?"

Hapo walicheka kabisa. Nyaboke akaamka akalia.

"Na yako, Baba?" nikasema.

"Yangu nini?"

"Sabato uliyoifunga sasa hivi. Umeifunga kwa kuangalia nini?"

Mkono wake ukaenda juu ya mfuko.

"Kerubo!" Mama akasema bila kugeuka.

Sikunyamaza. "Itoe tuione. Niliiweka mimi. Mchana mzima nilikaa nayo nikiibadilisha kwa ajili yako. Fungueni huo mlango muone kama ni usiku!"

Mtu aliyekuwa karibu na mlango akaufungua, sijui kwa nini alinitii. Nje kulikuwa kweupe. Kijivu, lakini kweupe. Kuku wa jirani walikuwa bado wanachakura kwenye matope, hakuna hata mmoja aliyefikiria kwenda kulala. Kamati nzima ikawaangalia wale kuku. Na kila mmoja, mnaweza kuona anavyohesabu usoni, akahesabu Jumamosi zake zote za mvua, vikao vyote, ng'ombe waliokamuliwa, kuni zilizopasuliwa.

Mzee Ombati aliitoa redio. Alisimama nayo. Alikuwa mzee, nilikuwa sijaona ni mzee kiasi gani. Alitaka kuizima, nadhani alitaka tu isionyeshe lile neno, akabonyeza, akakosea kitufe, na redio ikapasuka kwa rumba. Ndani ya kanisa. Kwa sauti ya juu kabisa. Akabonyeza kingine, ikapanda. Akaikumbatia kwenye koti, ikawa inaimba kifuani mwake. Hakuna aliyecheka sasa. Machozi yalikuwa yamemjaa, na vidole bado vinabonyeza, vinabonyeza.

Ilibidi niende mimi. Nilipita katikati ya mabenchi, mtoto mgongoni, nikaichukua mikononi mwake, nikaizima.

Mama akasimama.

"Huyu mtoto wangu Kerubo msimuulize tena," akasema. "Na Mzee mwacheni. Mimi ndizi nimekata tangu sijaolewa, hakuna redio. Mwili wangu unajua jua likiwa limetua na likiwa halijatua, hata kwenye mawingu. Siku ile nilijua halijatua. Niliangalia redio kwa sababu ilikuwa inakubaliana na mimi. Mnisamehe."

Akakaa.

Wakamwondolea ushemasi. Sikilizeni vizuri, nyinyi mnaopenda kusema wazee wana hekima: kamati nzima ilikuwa kwenye kikao ndani ya Sabato, kwa redio, na wakapiga kura kumwondoa yeye. Mwingine akapewa vitambaa. Havipigi pasi vizuri, nimeviona. Mzee Ombati hakuondolewa na mtu, ila aliacha kukaa mbele.

Njiani nilitembea nyuma yake. Tulipofika kwenye migomba Mama akauliza, "Ulidhani unanisaidia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa unajisaidia. Walikucheka."

Ndivyo ilivyokuwa. Mpaka leo nikikumbuka mikono ya yule mzee nageuza uso, hata kama niko peke yangu jikoni.

Jumatatu nilimwambia Mama Hansa yote. Hakucheka. Aliniambia, "Basi kuanzia leo weka ya kizungu kwa kila mtu, na usiulize." Nikamwambia hapana, tuwaonyeshe. Kila mteja tumwonyeshe inafanya nini na inaishia wapi, aamue mwenyewe. Akasema kaunta si darasa. Nikasema basi, kazi nimeacha. Hatukugombana. Alinipa kofia ya sufi ya Nyaboke, nikatoka.

Huku nyumbani watu walianza kuniletea redio zao. Nilikaa uani na kila mmoja nikamweleza, hata kama ilichukua muda. Na hawakuwa wajinga, wasichana. Waliuliza maswali ambayo dukani hatukuwahi kuulizwa kwa sababu hatukuwahi kunyamaza wakauliza. Mwanamke mmoja alisikia yote akasema, "Wacha ibaki hivyo, nimeizoea, nitaangalia jua mwenyewe." Mwingine alitaka siku iondolewe kabisa, ibaki saa. Mama alinipa yake akasema, "Weka ya kizungu, ya ofisi."

Mzee Ombati alikuja wa mwisho. Ilikuwa kama wiki tatu baadaye, mchana. Alisimama nje ya lango bila kubisha hodi, na mimi nilimwona kitambo nikajifanya natwanga. Sikuweza kumtazama. Yeye pia alikuwa anatazama migomba.

Mama ndiye aliyetoka ndani akamwona. Alisimama kizingitini. Nilidhani ataingia tena.

"Kerubo," akasema, "mletee huyu mzee, omogaka wetu, kiti."

"Sikai, Mama Shemasi," akasema. Bado alimwita hivyo. Akatoa redio mfukoni, akanishikisha. "Hiyo ya siku iache ilivyo. Nimekuja tu unionyeshe inazimwaje."

Nilimwuzia ile redio mimi. Alirudi nayo mara ya pili nikakaa nayo mchana mzima. Sikuwa nimemwonyesha; kumbe muda wote huo alikuwa akiitazama kama saa tu.

Nikamwonyesha. Kitufe ni kidogo, kimezama, na kidole chake kilikuwa kinene, kimepasuka kwa kuchuma chai. Mara ya kwanza kilikosa. Mara ya pili kikagusa cha pembeni, rumba ikalia, akaruka. Nikashika kidole chake nikakielekeza. Tukaiwasha, tukaizima. Mama alileta kiti mwenyewe akakiweka nyuma yake, na Mzee, bila kuangalia, akakaa, akaendelea kuwasha na kuzima.